Ngozi ya Picha

Wiki hii simu yangu haikupumzika. Msomaji mmoja ameniuliza, "Dada Laurette, akili zako zilikuwa wapi?" Mwingine, mwanaume huyu, ameandika kwamba nilikitafuta nikakipata. Asanteni nyote. Akili nilikuwa nazo, ila sikuzitumia. Na ninyi mnaocheka, kaeni vizuri kwenye viti vyenu, kwa sababu leo mtacheka zaidi.

Kwa aliyekosa gazeti lililopita: mimi ndiye Laurette, ninayepima mizigo ya abiria kule uwanja wa ndege wa Bangboka. Mchumba wangu Ruphin alikuwa kazini Bunia, na mapenzi yetu yaliishi kwenye simu. Kila picha niliyomtumia niliipitisha kwanza kwenye ile programu inayosafisha uso, natoka mweupe na laini, sina hata kovu la tetekuwanga. Ruphin akazirusha picha hizo kwa mama yake huko Bengamisa. Mama akasema mtoto anaangaza, na siku ya mahari ikapangwa. Nikabaki na sura moja kwenye simu na nyingine kwenye kioo.

Shangazi yangu, tantine Pétronille, akanipeleka Makiso kwa Solange anayefanya peeling. Anapaka dawa usoni, ngozi ya juu inakauka na kubanduka, chini inatoka ngozi mpya. Mliniacha nimelala kwenye kitanda chake, nimefumba macho, pamba ya kwanza ikigusa paji la uso wangu.

Basi, ikagusa.

Mwanzo iliwasha tu. Halafu ikapanda.

"Solange, inachoma," nikasema.

"Kama inachoma, njo inatumika. Vumilia, maman." Njo, kwetu, ni ndiyo au ndiye.

"Inachoma sana!"

"Imba mu kichwa. Bote banaimbaka."

Nikaanza wimbo wa kanisani. Sikufika kwenye kiitikio. Niliruka kutoka kitandani nikipiga kelele ambazo hata mimi sikujua ninazo, nikagonga meza, chupa zikaanguka.

"Maji!" nikalia. "Nipe maji ya kuzima!"

Kuna maji maalumu ya kuzima dawa hiyo, Solange mwenyewe alikuwa amenieleza. Sasa alikuwa anazunguka chumbani na kijiko mkononi, anatafuta bakuli. Alikuwa hajayachanganya bado.

Tantine Pétronille alibaki kwenye kiti chake karibu na mlango. Alisema tu, akikusanya kitenge chake, "Usimwage pale, utaharibisha pagne yangu."

Nilipooshwa na moto ukapungua, nikaomba kioo. Uso wangu ulikuwa mweupe, kama umepakwa unga wa muhogo. Na mnajua nilifanya nini? Nilifurahi! Machozi yananitoka, ngozi inanivuta, na mimi nacheka.

"Tantine, ona! Nimekuwa mweupe!"

Solange alimtazama tantine. Tantine akatazama nje.

"Ile nyeupe haiko rangi," Solange akasema polepole. "Ile ni dawa imekula. Itapita. Alors, sikia: usitoke ku jua, usikaribie moto, na ile ngozi ikianza kutoka, usivute na mukono. Iache ianguke yenyewe. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Nikatoka, nikapanda toleka juani, kitambaa kichwani, na yule kijana wa baiskeli akauliza kama nimetoka kilioni.

Weupe ule haukufika hata nyumbani Mangobo. Jioni uso ulikuwa umevimba. Kesho yake ukawa mweusi, mweusi wa ndizi iliyoiva kupita kiasi, na mashavu yakawa na magamba magumu hata kufungua kinywa ilikuwa kazi. Sikio la kufa halisikii dawa. Langu lilisikia dawa tu, mengine yote halikusikia.

Aliyenihurumia ni Benie, binti wa tantine Pétronille. Tumelala chumba kimoja tangu mama yake alipoachwa na mumewe na kuhamia kwetu. Benie alinipepea kwa kifuniko cha sufuria. Alinikorogea uji mwepesi, akaninywesha kwa mrija kwa sababu midomo ilikuwa haifunguki.

"Itapona, dada Laurette," alikuwa akisema. "Ruphin anakupenda."

Ruphin mwenyewe alipiga simu ya picha. Nikaificha kamera kwa kidole.

"Sikuone," akasema. "Iko nini?"

"Réseau mubaya."

"Acha nikuone kidogo tu, chérie. Maman alitoa picha yako kubwa, aliiweka mu salon. Kila mugeni anaingia, anamuonyesha. Anasema muke wa mutoto wangu anashinda taa."

"Utaniona siku ya posho," nikamjibu, yaani Jumamosi, siku ya mahari.

"Niko na haraka."

"Mimi pia," nikasema, na nikakata simu nisije nikalia.

Ijumaa nilimwendea baba. Papa Urbain ni mtu mpole, mtumishi wa serikali wa miaka mingi, hajawahi kunipiga. Alikuwa anasoma karatasi zake barazani. Nikafunua kitambaa.

Alinitazama, kisha akavua miwani. Sijui kama alitaka kuifuta au alitaka asinione.

"Papa, tusogeze siku. Niombee hata mwezi moja tu."

"Mutoto, batu bako njiani. Mbuzi iko juu ya moto tayari, ilitoka Bengamisa asubuhi." Moto, kwetu, ni pikipiki. "Sasa nitabaambia nini? Barudi, uso ya binti yangu haijaiva?"

"Baambie niko mugonjwa."

"Mugonjwa ya nini? Batauliza. Familia ikisikia binti iko mugonjwa siku ya dote, banafikiria vitu viwili. Vyote viko mubaya." Akavaa miwani tena. "Uliza tantine yako. Mambo ya banamuke, yeye njo anajua."

Sikumuuliza tantine. Nilirudi Makiso kwa Solange, nimejifunika, nikamkuta anampaka mteja mwingine. Sikusubiri.

"Ona kazi yako!"

Mteja aliponiona alijiinua kutoka kitandani na kwenda zake na dawa usoni. Solange hakukasirika. Alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku kwenye mwanga, akaketi.

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Laurette, mimi iko na chupa mbili. Moja ya uso. Moja ya vifundo vya vidole na visigino, pale ngozi iko nguvu, pale inakataaka kutoka. Siku ile nilikamata chupa ya uso. Wewe ulikuwa umefunga macho. Tantine yako akanivuta mpaka ku mulango, akaniambia polepole: hapana, weka ile ingine."

"Ya visigino?"

"Nikamuambia, maman, ile ya miguu. Akasema siku imebakia kidogo, weka ile, itafanya mbio."

"Na wewe ukaweka!"

"Mukubwa amesema. Yeye njo alikuwa mama yako pale. Mi nibishane na mukubwa mbele ya mutoto wake?"

Hapo, wasomaji, ningemla mtu. Lakini ungefanya nini? Kwetu wewe hujiamulii ukiwa na mkubwa chumbani. Solange angeuliza mteja mwenyewe, mteja angejibu hapana, na leo ningekuwa na uso. Hakuniuliza. Alimuuliza shangazi, kama inavyotakiwa.

Nilimkuta tantine uani, anatwanga sombe, majani ya muhogo, kwa ajili ya wageni.

"Tantine, ulimwambia Solange aniweke dawa ya visigino?"

Hakuacha kutwanga. "Njo nilisema."

"Kwa nini?"

"Ju ulikuwa unalia. Nani alikuja kwangu akilia? Tantine, picha yangu iko nyeupe, Ruphin ataniacha, fanya kitu. Bon. Nilifanya kitu." Akainua mchi. "Sasa ukitaka kunihukumu, hukumu. Lakini posho ile sombe nani atapika?"

Nikaona aibu. Mimi! Nikamwomba hata msamaha. Nikakaa chini nikaanza kuchambua majani, uso unaniwaka, nikiwaza kwamba kweli mwanamke huyu hulala amechoka kwa ajili yangu.

Jumamosi ikafika.

Asubuhi ya mahari bibi arusi huogeshwa na shangazi zake. Walinikalisha kwenye kigoda, mlango umefungwa. Magamba yalikuwa yameanza kuachia pembeni, karibu na masikio na chini ya pua. Katikati yalikuwa yameshika bado. Tantine akaja na taulo na kichupa cha mafuta, akainama, akanusa.

"Hapana. Hatoki hivi."

"Tutaweka poudre," nikasema.

"Poudre juu ya nini? Juu ya maganda?" Akakamata ukingo mmoja kwa kucha.

"Tantine, Solange alisema tusivute!"

"Solange njo anaolewa leo?"

Akavuta.

Sitawaeleza sauti iliyotoka. Nitawaambia tu kwamba wanawake wawili walinishika mikono, kwa upendo, wakiniimbia, wakiniambia vumilia, ndoa ni uvumilivu, utazaa kwa uchungu zaidi ya huu. Benie alikuwa ameshika beseni. Lilimtoka mkononi, akakimbia nje.

"Ule iko na roho ya kuku," tantine akasema, na akaendelea na shavu la pili.

Kioo hawakunipa. Nikakichukua. Paji la uso lilikuwa jeupe kweli, rangi ileile niliyoitaka. Chini yake mashavu yalikuwa mekundu na yanatoa maji, na pale magamba yalipokataa palibaki vipande vyeusi vyenye kingo. Kidevu hakikuguswa na dawa, kilibaki changu. Niliona nyuso tatu zinagombania kichwa kimoja. Poda waliyonipaka iligeuka tope.

Nikajiambia: Ruphin ananijua. Alinikuta Bangboka nikigombana naye juu ya sanduku lake zito, hakuna programu wala poda, nikiwa na jasho na kipaza sauti. Alinipenda siku ile. Atanijua leo.

Hiyo ndiyo kamba niliyoshika.

Wageni kutoka Bengamisa walikaa upande wa kulia chini ya hema, na vitu vyao mbele: mbuzi, vitenge, taa, chumvi, kreti za bia. Sisi upande wa kushoto. Kila familia na msemaji wake. Wa kwetu alikuwa mjomba, tonton Alphonse, mdomo mtamu wa ukoo. Wa kwao alikuwa mzee Jérémie, na yeye alikuwa mdomo mchungu.

Mnajua mchezo wetu. Bibi arusi haletwi moja kwa moja. Wasichana wa nyumba wanafunikwa vitenge kutoka kichwani mpaka miguuni, wanatolewa mmoja mmoja, na wageni wafunue waseme kama ndiye. Wasipomtambua, wanatoa kitu kidogo kuomba mwingine. Ni mchezo wa kuchekesha watu. Na aliye chini ya kitambaa haongei. Bibi arusi anayeongea kabla ya kuulizwa ameitukana familia yake.

Mimi nilikuwa wa tatu. Nilisimama nyuma ya mlango nimefunikwa, kitenge kinanata mashavuni, nasikiliza.

Wa kwanza alikuwa Benie.

Mzee Jérémie akafunua, na upande wa kulia wote wakapiga makofi.

"Njo huyu!" sauti ya mwanamke ikapaa. Nilichungulia kwenye nafasi ya kitenge. Alikuwa mama yake Ruphin, mnene, mwenye furaha, ameshika simu mkononi, picha yangu imejaa kioo chote. Alikuwa ameiweka kando ya uso wa Benie, analinganisha. "Ona! Pua njo ile! Rangi njo ile!"

Ruphin alicheka. "Hapana, maman. Haiko huyu. Huyu ni ndugu yake."

"Bon. Karibu hata hivyo!" mama akasema, na watu wakacheka, na mimi moyo wangu ukakaa. Ananijua, nikajiambia. Mmesikia? Ananijua.

Wa pili alikuwa Nadia, binti wa jirani, mwembamba kama mwiko. "Haiko huyu!" wakapiga kelele wote, na hata Nadia mwenyewe akacheka.

Halafu tantine akanisukuma mgongoni.

Nilitembea polepole, kama inavyotakiwa, nimeinama. Tonton Alphonse akaanza maneno yake. "Ndugu zetu, huyu mutoto ametoka mbali, amechoka, hataki kuonekana bure!" Wakatupa vitu. Wakaimba. Mzee Jérémie akashika ncha ya kitenge, akafunua.

Kitambaa kilivuta shavu. Niliuma meno.

Kisha mtu akacheka upande wa kulia, na kicheko kikapita hema zima, kikafika mpaka kwetu. Watu wangu wenyewe walicheka. Walikuwa wanaogopa, najua, lakini walicheka.

"Ndugu zetu!" mzee Jérémie akapaza sauti. "Muchezo iko muzuri, lakini mugonjwa mumupeleke kwanza hospitali! Haiko huyu!"

"Haiko huyu!" wakaitikia.

Mama yake Ruphin akaja karibu na simu. Akaiweka kando ya uso wangu. Akatazama picha, akanitazama mimi, akatazama picha. Huyo mwanamke hakuwa mbaya, sisemi hivyo. Alikuwa anatafuta tu.

"Maskini," akasema. "Ni nani alimutuma huyu? Mumufunike, mutoto asione haya. Tuletee mwenyewe."

Kazi ya tonton Alphonse ilikuwa kusema, ndugu zetu, mwenyewe ndiye huyu. Alifungua mdomo. Akaufunga. Mdomo mtamu wa ukoo ulikauka siku ile ile tuliyouhitaji.

Nikageuza macho kwa Ruphin.

Alikuwa amesimama. Suti ya bluu, kola imembana. Alikuwa ananitazama bila kucheka, na simu za wageni zilikuwa zimeinuliwa kote, zinanasa. Nikangoja. Ningeweza kungoja mwaka. Lakini mzee Jérémie alikuwa tayari anainua kitenge anifunike, na kama ningefunikwa pale, basi.

Nikavunja mila.

"Ruphin," nikasema. "Ni mimi."

Alisikia. Msije mkamtetea kwenye ujumbe wenu kwamba hakusikia. Sauti hiyo alikuwa akilala nayo sikioni kila siku kule Bunia. Nilimwona akiimeza. Mkono wake ulikwenda kwenye kola ukabaki hapo.

Mama yake naye alisikia kitu. "Ruphin? Unamujua huyu?"

"Maman..."

"Nimekuuliza. Unamujua? Ju kama njo huyu," na sauti yake ikashuka, ikawa ya mama na mwana tu, "kama njo huyu, mimi natia vitu vyangu ku gari. Nilionyesha batu picha. Bengamisa yote iliona picha."

Ruphin alitazama zile simu. Akanitazama kidevu, sehemu pekee iliyobaki yangu. Nikaona anakijua kidevu kile.

"Hapana, maman," akasema. "Haiko huyu."

Nilitaka kufa, na nasema wazi. Nilitaka ile dawa ya visigino inywewe badala ya kupakwa.

"Basi mwenyewe iko wapi?" mama akauliza. "Mumemaliza? Kuko mwingine?"

Hakukuwa na mwingine. Upande wetu wote waliangalia miguu yao. Na hapo Ruphin, yule Ruphin wa sanduku zito, akasafisha koo.

"Ule wa kwanza," akasema. "Nilikosea, ju ya vitambaa. Ule wa kwanza njo yeye."

Kabla sentensi haijafika mwisho, kigelegele kilipaa kutoka upande wetu. Kirefu na kikali, cha mtu aliyekuwa amekivutia hewa mapema.

Alikuwa tantine Pétronille.

Alikuja katikati ya hema akicheza, kitenge kipya kiunoni. "Wote ni watoto wa nyumba moja!" akasema. "Damu moja! Chungu moja! Ndugu zetu hamukupotea, mulichagua vizuri!" Akageuka mlangoni. "Benie! Kuya, mama!"

Benie akatoka. Na sasa ndipo nilipomwona, wasomaji, maana nilikuwa nimeshinda wiki nzima nikijitazama mimi tu. Nywele zilisukwa upya. Kucha zilipakwa rangi. Gauni lake chini ya kile kitenge cha mchezo lilikuwa gauni la arusi, limekatwa kwa kipimo chake. Gauni kama lile fundi halishoni kwa asubuhi moja.

Chupa ya visigino. Weka ile ingine. Kucha kwenye shavu langu. Yote yalinijia kwa wakati mmoja, na mimi niliyemwomba msamaha kwenye majani ya sombe.

"Papa!" nikaita. Sikujali tena mila. "Papa, waambie!"

Papa Urbain akasimama. Vichwa vyote vikageuka, kwa maana baba wa nyumba alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Akaja mpaka niliposimama. Akavua koti lake akaniwekea mabegani, na nikalia, kwa sababu nilidhani nimeokoka.

"Laurette," akasema kwa sauti ndogo, "kaa chini, mutoto yangu."

"Papa?"

"Bakirudi na vitu vyao leo, batasema nyumba ya Urbain inauza picha. Hautaolewa wewe, hataolewa Benie, na mimi sitapita tena mu quartier. Haya ya mutu moja tutaibeba. Ile ya nyumba yote, mimi sina nguvu." Akanikalisha kwa mkono wake mwenyewe, kwenye kiti cha plastiki, mbele ya watu. "Unisamehe kesho."

Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Kwetu niliachiwa sahani nzima.

Baba akarudi mahali pake. Wakamjazia gilasi, akaishika, akamwita Benie asimame mbele yake.

Hapa mila haina mchezo. Msichana anaulizwa mara tatu kama mali ile iliwe. Akikubali, anakunywa kidogo kutoka kwenye gilasi ya baba, halafu anampelekea mwanaume wake, mbele ya wote, na ndoa imefungwa. Asipompelekea, hakuna ndoa, hata mbuzi akiwa tayari chunguni.

"Benie," baba akasema. "Huyu baba, Ruphin, unamujua?"

"Namujua, papa."

"Vitu vyake, tukule?"

Benie akatazama gilasi.

"Sema, mama," tantine akamhimiza kwa meno yaliyofungwa.

"Tukule?" baba akauliza mara ya pili.

Benie aligeuka akanitazama. Kwa mara ya kwanza siku ile mtu alinitazama uso mzima, paji, mashavu na kidevu, na hakugeuza macho.

"Benie!" tantine akasema.

"Mara ya mwisho, mutoto yangu," baba akasema. "Tukule?"

Benie akasogea mbele. Alinyoosha mikono miwili akapokea gilasi. Akanywa kidogo, na upande wa kulia wakaanza kupiga makofi, na mama yake Ruphin akainua simu yake anase.

Halafu Benie akaanza kutembea. Kiti changu walikuwa wamekiweka kando ya Ruphin, hatua chache tu, kwa sababu hakuna aliyefikiria kukisogeza. Alikuja polepole, gilasi mikononi, macho yake chini, na sikuweza kujua anakuja kwa nani.

Ruphin akanyoosha mkono. Mimi pia nikanyoosha wangu.